Sauti ya Malkia Mama

Jumanne, 4 Februari 2025

Leo nimemkemea mwanamume nisiyemjua, halafu nimepewa kazi. Sijui kama mambo haya mawili yanaruhusiwa kufuatana.

Nilikuwa mjini, dukani kwa Kartik, kununua kitambaa cha sare za kwaya. Foleni ndefu. Jamaa mmoja mwenye miwani ya jua – ndani ya duka! – akanipita, akaweka mzigo wake mezani. Nikamwambia tu: "Baba, hapa ni kichwa cha foleni. Mkia uko mlangoni." Sikupandisha sauti. Miaka yote niliyofundisha darasa la saba sikupandisha sauti. Unaishusha. Jamaa akavua miwani, akaenda nyuma. Watu wawili waliokuwa mbele yangu, ambao hawakuwa na kosa lolote, nao wakaenda nyuma.

Binti yake Kartik, Reshma, akatokea katikati ya majora. Ana studio nyumbani kwao Njiro. Wanatia sauti za Kiswahili kwenye tamthilia za nje. Sasa wamepata kubwa, ya wafalme, inaitwa Kiti cha Yakuti, na hana mtu wa kuwa Malkia Mama. Amesikiliza wanawake wengi, anasema, lakini wote wana huruma.

Nikamwambia mimi ni mwalimu mstaafu na mzee wa kanisa. Akasema, "Ndiyo maana, mama."

Mume wangu, Baba Mika, amecheka mpaka akakohoa. Anasema malkia hatoki Ngaramtoni.


Ijumaa, 14 Februari

Siku ya kwanza studio. Studio yenyewe ni chumba cha uani kilichobandikwa magodoro ukutani. Unaingia unajisikia kama umehifadhiwa pamoja na vyombo vya msiba. Joto.

Hadithi iko hivi. Mfalme mzee amekufa. Mwanawe amekaa kwenye kiti, lakini kijana mwenyewe anapenda njiwa kuliko ufalme. Anayetawala ni mama yake – mimi – kutoka nyuma ya pazia, akishirikiana na Waziri. Na huyo mama hamtaki mke wa mwanawe, Malkia Mdogo. Hamtaki kabisa. Kazi yangu ni kutomtaka, kuanzia mwanzo wa tamthilia hadi mwisho.

Waziri ni Frederick, fundi cherehani wa Kaloleni, anaimba besi kanisani kwao. Sauti yake ni kama gari la mchanga linashusha. Mtu mwenyewe mpole ajabu. Akigonga kiti anakiomba samahani.

Nikaanza. Reshma akanisimamisha. Akasema nasoma kama ninatangaza ndoa kanisani, mwenye pingamizi ajitokeze. Nikaanza tena. Akasema sasa ninatangaza msiba. Nikatamani kwenda nyumbani. Akavua hedifoni, akaniambia taratibu nimfikirie mtu niliyewahi kumwogopa.

Sikufikiria sana. Akaja mwenyewe. Mama yake Baba Mika.

Marehemu hakuwahi kunipiga, hakuwahi kunitukana. Alikuwa akiniangalia, anavuta pumzi kidogo, halafu anasema jambo dogo kwa sauti ya chini, na siku yako imekwisha. Basi nikavuta pumzi kidogo. Malkia Mdogo anaingia amechelewa barazani. Nikamwambia: "Kwenu hakuna jua la kuwaonyesha saa, binti?"

Frederick akaangusha karatasi zake. Halafu akaziomba samahani.

Reshma akarudisha hedifoni masikioni. Akasema, "Mama. Hiyo hiyo. Usiipoteze."

Nitaipoteza vipi? Nimekaa nayo tangu nilipoolewa.


Jumatatu, 10 Machi

Imeanza kuonyeshwa leo jioni.

Niliketi pembeni, karibu na mlango, nikiwa tayari kukimbia aibu. Baba Mika alikuwa kwenye kochi lake, miguu juu ya meza, kofia kichwani, karanga mkononi. Kasri likatokea. Farasi. Mapazia. Halafu mwanamke aliyejaa dhahabu akageuka, akafungua mdomo – na ikatoka sauti ile.

Baba Mika akashusha miguu. Akavua kofia. Akasimama.

"Mama," akasema.

Sijawahi kuona kitu kama hicho katika ndoa yangu. Alisimama pale mpaka matangazo ya sabuni yakaingia. Ndipo akanigeukia, akauliza kwa sauti ndogo, "Umemtoa wapi?"

Nikamwambia, "Nimemtoa alikoniachia."

Nilidhani atakasirika. Akaketi, akachukua rimoti, akaongeza sauti. Macho yana maji. Anammiss mama yake, mwanamume huyu. Mimi ninapotetemeka, yeye ndipo anapopumzika. Sauti moja, nyumba moja.

Karanga hakugusa tena.


Jumatano, 19 Machi

Mambo yamekua makubwa.

Sokoni mama wa nyanya ameniuliza bei ninayotaka mimi. Nikamwambia kwani nyanya ni zangu? Akasema, "Hapana, mama, nilikuwa naheshimu tu." Watoto wa jirani zamani waliokota maembe chini ya mwembe wangu na kupiga kelele. Sasa wanaokota kimya, halafu wanayarudisha.

Umoja wa wanawake kanisani – leo ilikuwa zamu yangu ya chai. Nikamimina vikombe vyote. Hakuna aliyeshika. Kumbe jana usiku Malkia Mama alimwekea Malkia Mdogo kitu kwenye sharubati. Wakawa wanapuliza tu, kama chai ina moto wa milele. Hatimaye akaingia Mchungaji, hana habari ya tamthilia, akanywa kikombe kizima. Wakamtazama. Wakamtazama tena. Alipoanza kuongelea ukarabati wa paa kwa akili zake zote, ndipo wakanywa.

Nimecheka njia nzima kurudi nyumbani. Sitadanganya, inanoga. Mwalimu mstaafu hatazamwi na mtu.


Jumapili, 30 Machi

Mika amekuja kutoka Usa River, amenyoa ndevu. Nikajua kuna jambo.

Amepata mchumba. Anaitwa Nice, kwao Kikwe, anauza kwenye duka la dawa pale pale Usa River, karibu na shamba la maua anakofanya kazi Mika. Walikutana Mika alipoumwa meno. Anasema alimpa dawa akamwambia asitafune upande huo, na yeye akaona hakuna aliyewahi kumjali hivyo. Nikamwambia mimi nimekujali tangu hayo meno hayajaota. Akacheka. Yuko na furaha mtoto wangu – ana zaidi ya miaka thelathini lakini leo alikula loshoro, mahindi yetu ya mgando, bakuli mbili na akaosha bakuli.

Nice hana wazazi. Amelelewa na bibi yake, Bibi Kaaya. Neno la Bibi ndilo la mwisho.

Baba Mika atamtuma Mzee Hans, binamu yake, awe mshenga. Hans anaongea vizuri. Tatizo ni kwamba haachi.


Jumamosi, 12 Aprili

Hans amerudi kutoka Kikwe. Ameketi sebuleni, amevua viatu, ameomba maji, ameelezea tope lote la barabara, daraja kwa daraja, kabla ya kufika kwenye habari.

Walipokelewa vizuri. Kuku alichinjwa. Bibi Kaaya ni mwembamba, mnyoofu, haongei. Akauliza ukoo, akaridhika. Akauliza dini, akaridhika. Akauliza kazi ya kijana, akaridhika. Halafu akauliza, "Na mama yake kijana ni mtu wa namna gani?"

Hapo Hans angesema "mama mzuri", wakala kuku, wakaondoka. Lakini Hans ni Hans. Akanyanyuka, akasema kwa fahari, "Bibi, huyo mama unamjua. Yumo humu ndani kila siku." Akaonyesha TV. "Ndiye sauti ya Malkia Mama."

Anasema kuku aligandia kooni kwa watu wote.

Bibi akaweka sahani chini. Akasema mjukuu wake haendi kwa mwanamke aliyemfukuza mkwewe kasrini usiku wa mvua, tena akiwa mjamzito. Hans akaeleza kwamba ni maigizo, kwamba mvua yenyewe ni ya bomba. Bibi akasema: sura inaweza kuigizwa, nguo zinaweza kuazimwa. Sauti ile hakuna aliyemfundisha. Ile imetoka ndani.

Halafu wakafungiwa mifupa iliyobaki, wakaondoka.

 Mika alitoka nje akakaa kwenye ngazi. Ningependelea angenifokea.


Jumapili, 13 Aprili

Kanisani nimeimba kwa sauti ya juu, ile nyembamba ya sauti ya kwanza, ili watu wasikie nina sauti nyingine. Mwalimu wa kwaya ameniomba nirudi alto.


Jumanne, 15 Aprili

Nimeenda Njiro mapema. Nikamwomba Reshma Malkia Mama atubu. Hata kidogo tu. Amkumbatie Malkia Mdogo, amwombe radhi, amletee uji.

Reshma akanionyesha picha. Malkia Mama ameshika panga.

Akasema, "Mama, mimi natia sauti. Picha siiwezi."

Frederick akanihurumia. Akasema hata yeye wajukuu zake hawamkaribii tangu Waziri alipomwuza farasi wa mfalme.

Basi nikafanya ujanja. Kuna sehemu Malkia Mama anampa Malkia Mdogo shali, na shali lina sumu. Reshma alitoka kupokea simu, akamwachia Frederick kubonyeza kitufe cha kurekodi. Maneno sikuyagusa. Lakini nikayasema kwa upole wote nilio nao. Kama mama wa kweli. "Jifunike, mwanangu, usije ukapata baridi." Nikaweka na tabasamu. Frederick alifuta jicho.

Wakimsikia hivi, watajua nina moyo.


Alhamisi, 24 Aprili

Balaa.

Sehemu ya shali ilionyeshwa jana. Simu haijapumzika tangu asubuhi. Shemeji yangu wa Monduli anasema alizima TV akawasha taa zote. Mama wa nyanya ameniambia hakulala. Mwanamke anayekufokea unajua amekukasirikia, anasema, lakini yule anayekufunika shali huku anatabasamu – huyo ni wa kuogopwa hadi kufa.

Reshma amefurahi sijapata kuona. Anasema kuanzia sasa Malkia Mama aseme hivyo siku zote.

Na Mika amepiga simu. Nice amemwambia kwamba Bibi alitazama mpaka mwisho, akasema maneno machache tu: "Mnaona? Sasa ameanza kuwa mtamu."


Jumamosi, 26 Aprili

Leo ni sikukuu ya Muungano, na sisi tumejaribu kuunganisha tukashindwa.

Wazo lilikuwa la Baba Mika. Alisema Bibi anahitaji kuona kwamba watu wa tamthilia ni watu wa kawaida. Kwa hiyo ampeleke Frederick, mtu mpole kuliko wote, mwenye suti safi, ashuhudie tabia yangu. Mimi nilisema hapana. Sikusikilizwa. Malkia gani mimi.

Wakaenda. Nilikaa nyumbani nachambua maharage yaliyokwisha kuchambuliwa.

Wamerudi saa tisa, Frederick amepoteza kofia.

Baba Mika amenieleza kipande kipande, kwa sababu alikuwa anajizuia kucheka na hakuruhusiwa. Walifika. Mlango ukafunguliwa. Bibi alikuwa sebuleni, amegeukia dirishani, anachambua mchicha. Frederick akavua kofia, akainama, akasema kwa adabu yake yote, kwa besi ile: "Shikamoo, Bibi."

Mchicha ukaanguka.

Bibi hakugeuka. Akasema, "Waziri."

Frederick akaanza kueleza. Akasema, Bibi, mimi nimefanya kazi na huyu mama, namfahamu vizuri. Akasikia mwenyewe alivyosikika, akazidi kueleza. Akasema, hakuna jambo baya kati yetu. Hapo Bibi akaulizia fimbo yake ilipo.

Frederick hana neno na mtu. Anachosikitika ni kwamba aliondoka bila kuaga.


Jumamosi, 3 Mei

Nice amekuja. Peke yake, bila Mika, bila kupiga simu. Mvua ilikuwa imeanza, akasimama mlangoni na viatu mkononi kwa sababu ya tope. Msichana mrefu, anaongea taratibu, anakutazama usoni. Nimempenda kabla hajakaa, na hilo limenifanya niwe na hofu zaidi.

Nikamkaribisha jikoni kwa sababu kuna moto. Akashika kisu akaanza kumenya ndizi bila kuulizwa. Tukamenya.

Akasema, "Mama, nimekuja kuwaambia kitu kuhusu Bibi. Bibi haogopi TV."

Nikamwambia, "Sisi tunadhani anaogopa."

"Bibi ana akili kuliko sisi wote. Anajua ni maigizo. Lakini alipoolewa, mama mkwe wake alikuwa anasema hivyo hivyo. Polepole hivyo hivyo. Siku ya kwanza ulipoongea kwenye TV, Bibi alinishika mkono mpaka ukaniuma. Akasema, 'Amerudi.'"

Ndizi ikanitoka mkononi.

Nikamweleza. Nilimweleza mimi pia nina wangu, kwamba sauti ile si ya kwangu, nimemwiba marehemu. Kwamba mume wangu anapoisikia anamkumbuka mama yake na mimi nikiisikia kwenye hedifoni mgongo wangu unanyooka wenyewe. Nice alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akauliza swali ambalo Bibi yake hakuuliza, wala mwanangu.

"Na kama inakutoka vizuri hivyo kwenye maiki, mama – je, nyumbani itanitokea mimi?"

Nilitaka kusema hapana haraka. Ningemwambia mtoto wa darasani hapana. Lakini alikuwa ananitazama usoni. Nikamwambia, "Sijui, Nice. Sijawahi kuwa mama mkwe. Ikitoka, wewe niambie, 'Mama, umeshika maiki.'"

Akacheka. Kicheko kizuri, cha kifuani. Baba Mika alikuja kuchungulia kuna nini.

Alipoondoka nimemwambia amfikishie Bibi kwamba Jumamosi nakuja mwenyewe. Bila mshenga. Bila Waziri.


Alhamisi, 8 Mei

Sijui nivae nini. Nguo yangu nzuri ni ya zambarau na Malkia Mama anavaa zambarau. Ya pili ni nyekundu. Anavaa nyekundu pia. Huyu mwanamke amenimalizia kabati.

Nitavaa sare ya umoja wa wanawake. Nani atamwogopa mtu mwenye kola kubwa namna ile.


Jumamosi, 10 Mei

Naandikia Kikwe, jikoni kwa Bibi Kaaya, nimekalia kigoda, daftari liko juu ya gunia la mahindi. Lazima niandike sasa hivi, hata ikiwa mistari imepinda.

Mika alinishusha njia panda akarudi Usa River, si heshima yeye kuingia. Nikatembea kwenye tope. Mvua imenikuta mlangoni. Kola imelegea yote.

Bibi alikuwa kwenye kiti chake, kanga begani, fimbo kando. TV imefunikwa kitambaa cha kufuma. Nikapiga goti kidogo. "Shikamoo, Bibi." Kwa sauti yangu ya kawaida.

Akanitazama kutoka viatuni kwenda juu. Hakufika mbali.

"Ni wewe tu?"

"Ni mimi tu, Bibi."

"Mfupi hivi?"

Nikasema ndiyo. Akasema marahaba. Akaniambia nikae.

Tuliketi. Mvua kwenye mabati. Nikaanza hotuba niliyoiandaa – kuhusu vijana, kuhusu Mungu, kuhusu maigizo. Akanikata.

"Hayo Hans ameshayasema. Zungumza kama yule."

Nikamwambia Bibi, sikuja kwa ajili hiyo, na Nice amenieleza, sitaki kukuumiza. Akasema, "Kuumia nimeshaumia. Zungumza."

Nikavuta pumzi kidogo. Nikasema lile la jua na saa. Mikono yake ikashika kiti, mishipa yote ikasimama. Alifumba macho. Nikajuta, nikanyamaza. Nikadhani nimemwua.

Akasema bila kufumbua macho, "Mama yake mume wangu alikuwa ananiambia mikono yangu inachachisha maziwa. Mbele ya wageni. Nikawa naosha vibuyu mpaka ngozi inatoka. Kila siku nilitafuta jibu. Shambani, mtoni, kitandani. Akafa kabla sijalipata."

"Pole, Bibi."

"Nililipata wiki moja baada ya mazishi." Akafumbua macho. "Zuri sana. Nimekaa nalo mpaka leo."

Nikaelewa polepole anachotaka. Alishajisukuma kutoka kitini. Akasimama, akafungua kanga begani, akaifunga kiunoni, akaikaza. Akasema, "Uliza nani amegusa maziwa."

Mungu anisamehe. Nikanyoosha mgongo. Nikasema, "Binti. Nani amegusa maziwa haya?"

"Mimi."

Ilitoka ndogo, kama ya msichana. Akatikisa kichwa, hakuipenda. Akasema, "Tena." Nikauliza tena.

"Mimi! Mimi ndiye niliyeyagusa. Na ng'ombe nimemkamua mimi. Na majani nimeyakata mimi, na maji nimeyabeba mimi, na huyo mwanao unayemlilia ana buti mbili na hajui kuzivua, namvua mimi! Mikono yangu ikichachisha maziwa, acha yachache. Yakichacha si ndiyo mgando? Na mgando si ndio unaoushindilia kila siku, bakuli kwa bakuli, hujawahi kurudisha hata moja!"

Nice alikuwa mlangoni na sinia. Soda zinatetemeka zote.

Bibi akakaa. Anahema, anacheka, machozi yanashuka kwenye mistari ya uso. Mimi pia. Akanywa soda nusu chupa kwa pumzi moja. Akasema, "Tena. Kuna la kuku nimelisahau."

Tumerudia. La kuku ni kali kuliko la maziwa. Halafu akaanza kunisahihisha. Nisitingishe mkono, yeye hakutingisha. Nikisema "binti" nimalizie puani. Reshma hajawahi kunisumbua hivi.

Mvua imezidi. Kijana wa bodaboda amepita akisema kivuko kimejaa maji, hakuna wa kutoka leo. Bibi akasema vizuri, basi tuna muda.

Nikaona ndio wakati. Nikasema, "Bibi, sasa kuhusu Nice na Mika—"

"Usiniharakishe. Sauti hiyo hukuiokota njiani. Ni ya nani?"

"Ya mama yake mume wangu."

"Ulimjibu?"

"Hapana, Bibi."

"Hata siku moja?"

"Hata siku moja."

Akaniangalia, safari hii hakuanzia viatuni. Akasema, "Haya. Simama. Sasa mimi ndiye yeye. Alikuwa anakuitaje?"

Nikamwambia. Nikasimama katikati ya sebule na kola yangu iliyoloa. Na sikuwa na kitu. Nimefundisha watoto wa watu kujibu kwa sentensi kamili, nikiwakatia alama wakisahau kitenzi. Mimi sina hata nomino. Nikasema samahani Bibi, ngoja nimsaidie Nice jikoni kidogo.

Nice amenipa kanga kavu nijifunge, amenisogezea kigoda, hajauliza. Sasa ameuliza. Anataka kujua kama Bibi amesema ndiyo au hapana.

"Hajasema."

"Mbona mlikuwa mnacheka?"

"Sijui, mwanangu."

Nimesikia nilivyosema "mwanangu". Nimemtazama usoni haraka. Ametabasamu tu, ameendelea kukoroga sufuria.

Huko sebuleni Bibi anasafisha koo. Anajaribu. Ya kwanza imetoka nyembamba. Ya pili imekohoa. Ya tatu imeshuka, polepole, mpaka imefika pale pale – na mgongo wangu umenyooka peke yake, hapa jikoni, kwa mwanamke ambaye hakuwahi kumwona marehemu.

"Mke wa mwanangu," ananiita. "Mbona kimya?"

Nimesimama. Naandika nimesimama. Bado sijui nitasema nini.

Nimekaza kanga.